Ngano Usiyoiona: Mwongozo wa Kuepuka Gluteni kwa Mtu wa Kigoma

Mtu wa Kigoma aliyeambiwa na daktari aache ngano maisha yake yote kwa sababu ya ugonjwa wa siliaki ana heri kuliko wengi. Ugali wa muhogo hauna gluteni, ile protini ya ngano inayomdhuru. Dagaa na migebuka hawana. Maharage ya Kasulu, sombe, ndizi za kupika, viazi vitamu, wali, karanga, mawese na chumvi ya Uvinza, vyote havina. Chakula tulichokulia hapa ndicho ambacho wenzetu wa nchi nyingine wanakitafuta kwa bei kubwa kwenye maduka maalumu.

Lakini mtu anaweza kuacha mkate, chapati na maandazi kabisa, na bado tumbo likaendelea kumsumbua na damu ikazidi kupungua. Ndugu zake humshuku kwamba anakula kwa kificho. Mara nyingi si kweli. Ngano imemfuata kupitia mashine ya kusaga, karai la mafuta, sufuria ya mama lishe au pakiti ya viungo. Naandika haya nikiwa mama wa mtoto mwenye ugonjwa huu, katika nyumba ambayo wengine wote wanakula ngano, na swali lililotusaidia kuliko yote ni hili: unga gani umepita hapa? Liulize mbele ya kila sahani, kila sufuria na kila pakiti.

Kwanza ujue unachokiepuka

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike na mkate uumuke. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kila inapoingia tumboni kinga ya mwili inaushambulia utumbo mwembamba wenyewe, na vile vijinyuzi vidogo vinavyonyonya chakula vinasinyaa. Hapo hata ukila vizuri, madini ya chuma, asidi ya foliki na kalsiamu hazifiki mwilini ipasavyo. Wengine wanaharisha na kujaa gesi. Wengine tumbo lao ni zima kabisa, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge, mtoto hakui kimo, mifupa inadhoofu, au vipele vinavyowasha vinatoka viwikoni na magotini.

Utasikia watu wakisema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli, na maneno hayo yanawachelewesha wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi hapa hapa barani Afrika, ukakuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wanao. Hicho ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Uhusiano wake na ngano ulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950. Njaa kubwa ya vita iliyoikumba nchi yake mwaka 1944 na 1945 ilimpa nguvu katika jambo alilokuwa akilishuku tangu zamani: mkate ulipoadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena.

Kuhusu kiasi, naomba usome pole pole, maana hapa ndipo ndugu wengi wanapopuuza. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Utafiti wa mwaka 2007 ulioongozwa na Carlo Catassi wa Italia ulionyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi 3 zilitosha kuuharibu utumbo. Hiyo ni sehemu moja ya arobaini ya kipande cha mkate. Sasa piga hesabu ya mchuzi: mpishi akikoroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, kama gramu 20, kwenye sufuria ya sahani 20, kila sahani inapata gramu moja ya unga, na ndani ya gramu hiyo mna miligramu 80 hivi za gluteni. Hakuna mlaji atakayeonja ngano hapo. Utumbo utaiona.

Usiache ngano kabla ya kupimwa

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali inaliwa. Ukishaacha kwa muda zinashuka, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Kwa hiyo endelea kula kama kawaida mpaka upimwe. Baada ya damu, daktari huingiza tumboni mpira mwembamba wenye kamera na kuchukua vinyama vidogo vya utumbo vikachunguzwe. Anzia zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na uwe tayari kupewa rufaa, pengine hadi Bugando kule Mwanza.

Ukiambiwa upimwe kwanza minyoo na jardia, usione unazungushwa. Magonjwa hayo ni ya kawaida kwetu, yanaharisha na kukondesha vivyo hivyo, na yana dawa ya siku chache. Na kama mtu akila ngano anavimba midomo au anabanwa kifua muda huo huo, huo ni mzio wa ngano, jambo jingine kabisa, na mahali pake ni hospitali bila kusubiri.

Hatua ya 1: Fuata unga kuanzia gulio hadi mashineni

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu unga ndio chakula chetu cha kila siku, na kosa la kila siku lina madhara kuliko la sikukuu.

Simama kidogo mbele ya muuza unga sokoni Mwanga au Ujiji utazame kopo la kupimia. Mara nyingi ni lile lile linaloingia kwenye gunia la muhogo, likatoka, likaingia la ngano, likarudi la mahindi. Magunia yenyewe yako wazi, yamebanana, na upepo wa ziwani haubagui. Unga wa muhogo wa namna hiyo usimpe mgonjwa, hata muuzaji awe jirani yako. Nunua makopa, yale mapande ya muhogo mkavu, uyaoshe vumbi, uyaanike, uyapeleke mashineni mwenyewe. Mahindi vivyo hivyo: nunua ya punje, upepete. Mchele uuchambue na kuuosha vizuri kama kawaida.

Mashineni sasa. Mashine nyingi za mitaani husaga chochote kinacholetwa, na siku hizi watu wengi wanaleta mchanganyiko wa uji wa lishe wenye ngano ndani. Ukimfuata mtu wa namna hiyo, kilo zako za kwanza zinatoka na mabaki yake. Fanya hivi. Nenda asubuhi mashine ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa na kufagiliwa, au subiri wapite watu kadhaa wa mahindi matupu. Mwombe msagaji akung'ute mfuko wa kupokelea unga. Kisha anza na kilo moja au mbili za mahindi yako, unga huo uuweke pembeni kwa ajili ya kuku au kwa wanaokula ngano nyumbani. Unaofuata ndio wa mgonjwa. Chukua mfuko wako safi kutoka nyumbani, wala usikubali kiroba kilichowahi kubeba unga wa ngano, hata kama kimekung'utwa, maana unga hubaki kwenye nyuzi zake.

Msagaji akikuuliza kisa cha usumbufu wote huo, mweleze. "Kaka, mwanangu ngano inamchana utumbo, hata vumbi lake." Wasagaji wengi wakishaelewa wanakuwa walinzi wako, wengine watakuambia wenyewe, "Leo usisage, mama, kuna mtu amepita na ngano."

Kwa kuwa muhogo sasa utakuwa chakula chako kikuu, neno moja nje ya gluteni. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na haitoki kwa kupika haraka haraka. Uloweke kwa siku kadhaa mpaka ulainike, uuanike juani ukauke kweli, ndipo usage. Kipindi cha njaa watu hufupisha kazi hiyo. Usifupishe.

Hatua ya 2: Uji wa mtoto

Unga wa lishe unaouzwa kwenye vifuko hutangazwa kwa wingi wa nafaka zake: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele, na mara nyingi ngano au shayiri mwishoni. Mama anaona nafaka nyingi ni lishe bora. Kwa mtoto mwenye siliaki, kikombe hicho cha asubuhi ndicho kinachomdumaza. Usinunue mchanganyiko usioandikwa vilivyomo, na usiridhike na neno la mdomo la muuzaji ambaye naye kaununua kwa mwingine. Nafaka za watoto za viwandani pia zisome moja moja, kwani jina moja huuzwa katika aina kadhaa: Cerelac, kwa mfano, ipo ya ngano.

Tengeneza wako. Ulezi na mahindi vinatosha kuwa msingi. Ongeza karanga zilizokaangwa na kutwangwa nyumbani, au dagaa wakavu waliosagwa laini, na tone la mawese kwenye kikombe. Wanangu wote wanakunywa uji huo huo. Nimeona ni bora kuliko kupika sufuria mbili na kumfanya mmoja ajione mgonjwa kila asubuhi.

Kwa familia zinazopokea chakula cha msaada, kama katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: unga wa uji wanaopewa wajawazito na watoto unaweza kuwa wa mahindi na soya, au wa ngano na soya. Mifuko inafanana. Soma maandishi, au mwombe mhudumu wa lishe akusomee, kila mgao unapobadilika.

Hatua ya 3: Karai la mafuta

Asubuhi mitaani kwetu mama mmoja ana karai moja, na ndani ya karai hilo hupita maandazi, kisha bagia, kisha kachori, kisha vipande vya muhogo. Unachagua muhogo kwa sababu ni muhogo. Lakini umekaangwa ndani ya mafuta yaliyojaa chembe za maandazi, na moto hauiui gluteni. Yachuje mafuta, yachemshe, bado imo. Chipsi nazo ni hivyo hivyo pale kwenye banda linalokaanga sambusa au kuku waliopakwa unga.

Vitafunwa vyenyewe navyo vichunguze, kwa kuwa jina halitoshi. Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, ila mchele ukipanda bei wapo wanaoongeza ngano kidogo, na wapo wanaoiweka ili vishikane. Bagia za kunde au dengu huongezwa ngano zisivunjike. Kachori ni kiazi ndani, lakini lile ganda la nje mara nyingi ni uji wa ngano, na katlesi vivyo hivyo. Mkate unaoitwa wa muhogo, ukiuona umeumuka vizuri, ujue karibu daima una ngano nyingi ndani, kwa sababu muhogo peke yake hauumuki namna hiyo. Kashata za karanga na sukari hazina shida.

Samaki ndio walionisikitisha zaidi, maana ni chakula chetu. Migebuka ya kukaanga kwa mawese matupu na chumvi haina tatizo. Siku hizi wapishi wengine wanampaka samaki unga wa ngano asigande kwenye kikaango na atoke rangi nzuri. Tazama ngozi: kama ina ukoko mkavu unaobanduka, usile. Dagaa wabichi au wakavu wa kutoka Kibirizi na Katonga wanunue kama walivyo, uwakaange nyumbani.

Dawa ya yote haya ni kuwa na karai lako, au kukubaliana na mama mmoja wa mtaani akukaangie muhogo wa kwanza kabisa, mafuta yakiwa mapya. Mteja wa kudumu anayelipa kwa wakati hawezi kunyimwa hilo.

Hatua ya 4: Mchuzi na viungo

Mama lishe akitaka mchuzi uwe mzito haraka, anakoroga unga wa ngano. Muulize kwa upole, na muulize kabla hajapakua: "Dada, mchuzi umeufanya mzito kwa kitu gani?" Akijibu nyanya, karanga au nazi, uko salama. Akijibu "unga kidogo tu", chukua ugali na maharage, ikiwa maharage hayo nayo hayakukorogwa. Swali la "una gluteni?" halisaidii kitu, na ukiuliza "una ngano?" atakuambia hapana akifikiria mkate. Uliza alichokifanya.

Viungo vya kusagwa vinavyouzwa kwa vijiko kwenye vikaratasi huongezwa unga na wafanyabiashara wasio waaminifu ili vijae. Nunua pilipili manga, bizari na mdalasini nzima, utwange mwenyewe. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu husomwa kila pakiti. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, hivyo wali wa kukaanga wa mgahawani uliotiwa sosi nyeusi si wako. Mvuje wa unga, ambao wazee wetu wanautumia kwa tumbo la mtoto, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano dukani ili usishikane. Mtu anampa mtoto dawa ya tumbo, kumbe anampa kinachomuumiza. Soseji na nyama za kopo huweza kuongezewa makombo ya mkate. Hamira ya kuumulia kwa kawaida ni salama, ila baking poda hutazamwa aina ya wanga uliotumika.

Hatua ya 5: Soma pakiti kama unavyosoma barua ya deni

Kwa vyakula vya pakiti, utaratibu wa kimataifa wa Codex unataka viungo viandikwe kwa mpangilio wa uzito, kilichomo kwa wingi kikitangulia, na unataka nafaka zenye gluteni zitajwe daima. Hapa nchini Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia usalama wa vyakula tangu mwaka 2019. Bidhaa isiyo na orodha ya viungo iache dukani.

Pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo hata asiyekijua akariri maneno haya matano kwa sura yake: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai, "malt" karibu daima ni kimea cha shayiri, na "semolina" ni ngano ya chenga chenga. Yaandike kwenye kipande cha boksi ukiweke kwenye pochi. Mtume mtoto dukani nacho.

Penye maneno "gluten free", yaani bila gluteni, Codex inaruhusu isizidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula, na kiasi hicho kinakubalika kwa wagonjwa. Maneno ya kwamba bidhaa haina ngano hayatoshi, kwani inaweza kuwa na shayiri. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini hulimwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo bila maandishi ya "gluten free" ziache. Vipande vya mahindi vya kunywa na maziwa mara nyingi vimetiwa ladha ya kimea. Askrimu yenyewe inaweza kuwa salama, koni yake ni ngano. Tambi za kukaanga za vifuko, zile za manjano, hutangazwa kuwa za dengu; soma hadi mwisho wa orodha.

Na soma tena pakiti uliyoizoea. Kiwanda hubadilisha viungo bila kubadilisha rangi ya mfuko.

Hatua ya 6: Vinywaji

Bia za chupa za kawaida hutokana na shayiri. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi, ambavyo wajawazito wengi wanaambiwa vinaongeza damu, navyo ni shayiri: mama mwenye siliaki anayevinywa kwa ajili ya damu anaipoteza kwa njia nyingine. Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri. Pombe ya ndizi inayochachuliwa kwa mtama haina gluteni, mradi kimea kilichotumika kiwe cha mtama au ulezi kweli. Muulize mpishi wake. Chai, kahawa, maziwa, mtindi mtupu, maji ya madafu na soda havina neno.

Hatua ya 7: Jiko la nyumba moja

Wanaokula ngano na asiyekula wanaweza kupika jiko moja. Sisi tunafanya hivyo. Sufuria za alumini na sahani zikisuguliwa kwa sabuni na maji mengi zinatosha. Vitu vyenye vinyweleo na nyufa havitoki unga: mwiko wa mbao, ubao na mti wa kusukumia chapati, chuma cha chapati chenye masizi ya miaka mingi. Hivyo mgonjwa awe na vyake. Chekecheo ndilo hatari kuliko vyote, kwa sababu unga wa ngano unabaki kwenye matundu na kuangukia unga wa muhogo kila linapotikiswa. Nunua la pili, ulifunge utepe wa rangi, na mtu asiliguse kwa kazi nyingine.

Siku ya chapati, chakula cha mgonjwa kipikwe kwanza, kifunikwe, kiondolewe jikoni. Unga unaoruka hewani hutua polepole. Anayekanda ngano asipakue ugali bila kunawa. Asali na siagi ya karanga navyo vigawe, kwani kisu kilichopaka mkate kinarudi chupani na makombo.

Hilo la kunawa ndilo lililotupa kazi nyumbani, zaidi ya manunuzi yote. Watoto husahau, wageni hawajui. Tulipoweka sabuni na maji pale pale mlangoni mwa jiko, ubishi ulipungua.

Ugenini, ibadani na safarini

Kukataa chakula cha mwenyeji kwetu ni jambo zito, na wagonjwa wengi hula kwa aibu kisha wakaumwa wiki nzima. Sema mapema, kabla moto haujawashwa, tena utaje unachokipenda: "Shangazi, ngano imenikataa kabisa, daktari kanizuia. Lakini ugali wako wa muhogo na maharage nitakula mpaka nishibe." Mwenyeji aliyepewa la kufanya hakasiriki. Kwenye maulidi na harusi, angalia kijiko cha kupakulia pilau: kijiko kilichotoka kwenye tambi kisiingie sahani yako. Bokoboko ni ngano nzima iliyopondwa na nyama, usidanganyike na mwonekano wake. Wakati wa futari, kula upande wa muhogo wa nazi, magimbi, ndizi na tende, uache kaimati na sambusa.

Kwa Wakatoliki, hostia ni ya ngano, na Kanisa haliruhusu hostia isiyo na ngano kabisa. Lakini barua ya Roma ya mwaka 2003 iliruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na pia kupokea kwa divai peke yake. Ongea na paroko faragha, muombe kikombe kisichotumbukizwa hostia. Si jambo la kuona haya, na yeye ana utaratibu wake.

Kwa treni ya kwenda Tabora au Dar es Salaam, au boti za kutoka Kibirizi, usitegemee vya njiani. Beba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, muhogo mkavu na dagaa wa kukaanga nyumbani. Stesheni utapata mahindi ya kuchoma na matunda.

Dawa na vitu visivyo chakula

Vidonge hushikanishwa kwa wanga, na ingawa mara nyingi ni wa mahindi au viazi, ngano hutumika pia. Muulize mfamasia kabla ya kulipa, na kama hana uhakika mwombe karatasi iliyomo ndani ya boksi msome pamoja. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa hofu hiyo. Rudi kwa daktari akubadilishie. Losheni na sabuni hazipitishi gluteni kwenye ngozi, tatizo ni zile zinazofika mdomoni, kama rangi ya midomo, au mikono ya mtoto mdogo anayeinyonya. Udongo laini wa rangi wa kuchezea watoto shuleni huwa na unga wa ngano: mwalimu aambiwe, na mtoto anawe kabla ya uji.

Baada ya miezi 6 hadi 12, rudia kipimo cha damu. Kingamwili zikiwa zimeshuka, njia yako ni sawa. Zikiwa juu bado, usianze kumlaumu mgonjwa. Chukua karatasi, andika kila kilichoingia mdomoni kwa wiki moja pamoja na mahali kilikopikwa, kisha pitia orodha hiyo kuanzia mashineni. Sisi tulipopekua hivyo, tuliikuta kwenye muhogo wa kukaanga wa njiani kwenda shule.